Hermann Muller: mtu aliyeonesha kwamba mionzi hugeuza mbegu

Tangu tulipozungumzia mimea dawa yenye harufu, yaani mchaichai, kivumbasi, mrehani, mnanaa, tangawizi na manjano, swali moja limekuwa likirudi kutoka kwenu, hasa ninyi mlioko juu kule Rondo. Je, ni kweli kuna watu wanaopiga mbegu kwa mionzi ili wapate mmea bora zaidi? Na kama ni kweli, mmea huo unafaa kuwekwa kwenye chai?

Jibu fupi ni kwamba ni kweli, na jambo hili lina karibu miaka 100. Jibu refu linapitia kwenye maisha ya Mmarekani mmoja aliyeitwa Hermann Joseph Muller. Tumeona tuwasimulie maisha yake kwa sababu alifanya mambo mawili ambayo ni nadra kuyakuta kwa mtu mmoja. Kwanza alionesha jinsi mionzi inavyoweza kubadili urithi wa viumbe. Kisha akatumia sehemu kubwa ya umri wake kuwaonya watu wasiichezee nguvu hiyo hiyo.

Mtoto wa mfua shaba

Muller alizaliwa New York tarehe 21 Desemba 1890. Babu yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeanzisha karakana ya kutengeneza sanamu na mapambo ya shaba nyeusi, na baba yake akaiendeleza. Lakini baba alifariki mwaka 1900, mtoto akiwa na miaka tisa tu. Tangu hapo nyumba haikuwa na fedha za kutosha, na Hermann alikua akijua kwamba kama anataka elimu, lazima aitafute kwa jasho lake.

Alikuwa mwanafunzi hodari. Sekondari alianzisha na wenzake chama cha sayansi cha shule. Akiwa na miaka 16 alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, hapo hapo New York. Wakati wa likizo alifanya kazi ya tarishi wa benki, na nyingine ya karani wa hoteli iliyomtaka awe kazini saa 14 kwa siku. Tunayataja haya kwa sababu vijana wengi wanaotusikiliza wanasoma hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye daftari na mwingine kwenye kibarua.

Chuoni alivutiwa na swali ambalo mkulima yeyote anajiuliza: kwa nini mtoto hufanana na mzazi, na kwa nini mara nyingine anatoka tofauti kabisa? Wakati huo profesa mmoja wa Columbia, Thomas Hunt Morgan, alikuwa na chumba kidogo kilichojaa chupa za inzi. Si inzi wa chooni. Ni wale wadogo sana wanaorukaruka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanafaa kwa utafiti kwa sababu kizazi kipya kinapatikana ndani ya wiki mbili hivi, na chupa moja inatosha familia nzima.

Muller akaingia katika kundi hilo. Walichogundua Morgan na vijana wake ni kwamba vinasaba, yaani vile vitu vinavyobeba urithi, vimepangwa kwa mstari ndani ya chembe hai, kama shanga katika uzi. Kila ushanga una kazi yake: huyu wa rangi ya jicho, huyu wa umbo la bawa. Mtoto hupokea uzi mmoja kwa baba na mwingine kwa mama.

Swali la ushanga uliogeuka

Mara moja moja, katika maelfu ya inzi wenye macho mekundu, alitokea mmoja mwenye macho meupe, na weupe huo ukarithiwa na uzao wake. Ushanga mmoja umegeuka. Huo ndio mgeuko wa urithi, na hutokea katika kila kiumbe, katika mimea ya shambani na hata kwetu sisi wanadamu.

Ukitaka mfano wa karibu, angalia mirehani uani. Mmoja hunukia karafuu, mwingine hunukia ndimu, na wa tatu una ukali kama kafuri. Au uangalie msitu wa Rondo wenyewe, wenye mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengi duniani, akiwemo yule komba mdogo ambaye wanasayansi wamempa jina la Rondo. Tofauti zote hizo zilianza na migeuko midogo midogo iliyorundikana kwa vizazi visivyohesabika, ile isiyofaa ikapotea na ile inayofaa ikabaki.

Shida ni kwamba migeuko ya asili huja polepole mno. Mtafiti anaweza kukaa na chupa zake miezi mingi akipata mgeuko mmoja au miwili. Muller alitaka kujua kama kuna kitu kinachoweza kuiharakisha. Alijaribu joto, akapata matokeo yasiyotosheleza. Ndipo akaugeukia mwanga wa eksirei, ule ambao Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aliugundua mwaka 1895, na ambao wakati huo ulishakuwa ukitumika hospitali kupiga picha za mifupa.

Texas, 1926

Kuanzia mwaka 1920 Muller alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Mwishoni mwa mwaka 1926 aliwapiga inzi dume kwa eksirei kwa vipimo mbalimbali, kisha akawapandisha na majike ambao hawakupigwa.

Akili yake ilionekana zaidi katika namna ya kuhesabu. Migeuko mingi huua, na kiumbe aliyekufa akiwa yai hawezi kuonekana. Muller alikuwa ametengeneza ukoo maalumu wa inzi uliofanya kazi kama mtego. Kama dume aliyepigwa mionzi alipata mgeuko wa kuua kwenye uzi ule unaobeba jinsia, basi katika kizazi cha wajukuu chupa ingekuwa na majike peke yake. Hivyo hakuhitaji kumchunguza kila inzi. Aliinua chupa kwenye mwanga na kutazama kama kuna dume. Chupa isiyo na dume ilikuwa ushahidi.

Chupa zisizo na dume zikawa nyingi ajabu. Kwa dozi kubwa, migeuko iliongezeka takriban mara 150 kuliko ile ya kawaida. Walitokea inzi wenye macho ya rangi mpya na wengine wenye mabawa yaliyojikunja. Matokeo yakachapishwa mwaka 1927, na mwezi Septemba mwaka huo akayaeleza mbele ya mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa urithi mjini Berlin. Akaondoka pale akiwa mtu maarufu duniani.

Mwaka uliofuata, mtafiti mwingine wa Marekani, Lewis Stadler wa Missouri, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya kwa mbegu za shayiri na mahindi. Naye alikuta jambo lile lile: mionzi hugeuza mimea pia. Mlango wa shamba ukafunguliwa.

Lakini hapa, msikilizaji, pana jambo la kulishika, maana ndilo kiini cha makala haya. Mionzi haina macho. Haijui ushanga upi ni wa harufu na upi ni wa ugonjwa. Ni sawa na mtu anayerusha mawe gizani kwenye duka la vyombo. Mara nyingi atavunja. Katika maelfu ya mbegu zilizopigwa, nyingi hudumaa, nyingine hufa, na chache sana huwa na kitu cha kumfaa mkulima. Kazi ya kuchagua inabaki kuwa ya mtu mwenye subira, anayepita tuta kwa tuta akitazama, akionja na kunusa, msimu baada ya msimu.

Kutoka Berlin hadi Moscow

Umaarufu haukumpa amani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Muller alikuwa na mawazo ya mrengo wa kushoto, alisaidia gazeti la siri la wanafunzi, na serikali ikaanza kumfuatilia. Ndoa yake ya kwanza nayo ilikuwa inayumba. Mwaka 1932 alipata msongo mkubwa wa mawazo uliomwangusha kabisa kwa muda. Alipoinuka, akaondoka Marekani kwenda kufanya utafiti Berlin.

Hakukaa sana. Januari 1933 Hitler akashika madaraka. Ndipo Muller akaitikia mwaliko wa mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Vavilov.

Vavilov anastahili kujulikana kwetu Afrika Mashariki. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, akiamini kwamba kila zao lina nyumbani kwake, na kwamba mbegu za wakulima wa kale ni hazina ya kulinda. Miaka ya 1926 na 1927 alifika Ethiopia na Eritrea, akakusanya ngano na shayiri za wakulima wa milimani. Ghala lake la mbegu mjini Leningrad lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani.

Muller alifanya kazi Leningrad, kisha Moscow, akiongoza utafiti wa vinasaba. Alikwenda akiamini amefika kwenye nchi inayoithamini sayansi. Akakuta jambo jingine. Mtaalamu wa kilimo aitwaye Trofim Lysenko alikuwa akipanda ngazi kwa haraka. Lysenko alikataa habari za vinasaba. Alidai kwamba mbegu zinaweza kufundishwa, kwamba ukiziweka kwenye baridi zitabadilika tabia na kurithisha mabadiliko hayo, na kwamba mavuno makubwa yatapatikana upesi. Watawala walipenda ahadi hizo, hasa Stalin.

Desemba 1936 Muller alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa wataalamu wa kilimo huko Moscow akampinga Lysenko waziwazi. Ilikuwa hatari. Solomon Levit na Israel Agol, wanasayansi wawili wa Urusi waliowahi kufanya naye kazi Texas, walikamatwa na kuuawa katika miaka hiyo. Vavilov mwenyewe alikamatwa mwaka 1940, na Januari 1943 alifia gerezani Saratov, afya yake ikiwa imeharibiwa na njaa. Mtu aliyekusanya mbegu za kuulisha ulimwengu alikufa kwa kukosa chakula.

Muller aliondoka Urusi mwaka 1937. Ili kuondoka kwake kusiwaponze wenzake, alijitolea kwenda Hispania iliyokuwa vitani, akasaidia kwa majuma kadhaa kikosi cha Wakanada kilichokuwa kikiwaongezea majeruhi damu huko Madrid. Baadaye, mwaka 1948, Urusi ilipopiga marufuku rasmi somo la vinasaba, alijiuzulu uanachama wake katika chuo chao cha wanasayansi. Kwa wakulima wa Urusi gharama ya upotofu ule ilikuwa kubwa, kwani kwa miaka mingi kilimo kiliongozwa na nadharia isiyo na ukweli. Mbegu haitii amri ya mtawala. Ukiidanganya kwenye karatasi, itakuumbua shambani.

Edinburgh, vita na Tuzo ya Nobel

Kutoka Hispania alikwenda Edinburgh, Uskoti. Huko alimshawishi mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, mama mmoja aliyeitwa Charlotte Auerbach, achunguze kama kemikali nazo hugeuza urithi. Mama huyo na wenzake waligundua kwamba gesi ya sumu ya vita iitwayo mastadi hufanya hivyo kweli. Hadi leo wakuza mbegu hutumia njia hizo mbili, mionzi na kemikali.

Muller alirudi Marekani mwaka 1940, na kuanzia mwaka 1945 hadi mwisho wa kazi yake alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Agosti 1945 mabomu ya atomiki yalidondoshwa Hiroshima na Nagasaki. Dunia nzima ikaanza kuuliza mionzi hufanya nini kwa mwili wa mtu. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi ile ya inzi na eksirei.

Alikitumia cheo hicho kupaza sauti. Wakati huo Ulaya na Marekani maduka ya viatu yalikuwa na mashine za eksirei za kuangalia kama kiatu kinamtosha mtoto. Madaktari wengine walipiga picha ovyo bila kumkinga mgonjwa. Nchi kubwa zilikuwa zikijaribu mabomu hewani. Muller alieleza kwamba mgeuko unaotokea kwenye mbegu za uzazi za mtu hurithiwa na watoto na wajukuu, na kwamba migeuko mingi ni ya hasara. Mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa wanasayansi 11 waliotia saini tamko la Bertrand Russell na Albert Einstein la kuyaonya mataifa juu ya vita vya nyuklia. Mwaka huo huo wakubwa wa nishati ya atomiki wa nchi yake walimzuia kutoa mada kwenye mkutano wa Geneva kuhusu matumizi ya atomiki kwa amani.

Hatutamchora kama malaika. Muller aliamini kwamba wanadamu wanapaswa kupanga uzazi wao kwa kuchagua mbegu za kiume za watu wenye akili na sifa nzuri, kama mfugaji anavyochagua fahali. Hata aliwahi kumpelekea Stalin kitabu chake chenye mawazo hayo. Alipinga vikali ubaguzi wa rangi wa Wanazi, lakini wazo lake hilo lilikosolewa sana, na sisi tunaona wakosoaji walikuwa na haki. Mtu si mche wa kitalu. Hakuna anayepaswa kukaa juu ya wenzake na kuamua nani ang'olewe na nani abaki.

Alifariki tarehe 5 Aprili 1967, akiwa na miaka 76.

Mnanaa usiozaa mbegu

Sasa turudi kwenye mimea yetu yenye harufu. Kuna aina ya mnanaa ambao mafuta yake hutiwa kwenye dawa za meno, dawa za kuchua na pipi za peremende. Mnanaa huo una tabia moja: hauzai mbegu zinazofaa. Ni chotara wa aina mbili za mnanaa, hivyo ni tasa, na hupandwa kwa vipande vya mizizi na mashina yanayotambaa. Kila shamba ni mmea ule ule ulioendelezwa. Ndiyo sababu ugonjwa ukiingia, hupita wote.

Ndivyo ilivyotokea Marekani. Katika jimbo la Michigan kuvu wa udongoni asababishaye mnyauko aliangamiza mashamba ya mnanaa. Mkulima wa mahindi angetafuta aina yenye ukinzani na kuichanganya na yake. Mkulima wa mnanaa hakuweza, kwa kuwa huwezi kuchanganya mmea usiozaa mbegu.

Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Merritt Murray, wa kampuni ya mafuta ya mnanaa ya A. M. Todd ya Michigan, aliamua kutumia njia iliyotokana na kazi ya Muller. Vipande vya mnanaa vilipigwa mionzi katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, kisha vikapandwa kwenye udongo uliojaa kuvu ule. Mimea kwa maelfu ilinyauka. Michache ikasimama. Hiyo michache ikapandwa tena kwenye udongo ule ule mbaya, mwaka baada ya mwaka.

Lakini kusimama peke yake hakukutosha. Mmea dawa hauuzwi kwa majani yake tu, unauzwa kwa kilichomo ndani. Mmea uliogeuka unaweza kuushinda ugonjwa huku harufu yake imepotea au mafuta yake yamekuwa na kitu kingine. Kwa hiyo ilibidi wakamue mafuta ya kila mmea, wayapime, wayanuse na kuyalinganisha na yale ya zamani. Kazi hiyo ilikula karibu miaka 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo aina mpya, Todd's Mitcham, ilipokabidhiwa kwa wakulima.

Manjano na tangawizi nazo ni mimea ya kupandwa kwa vipande. India, katika kituo cha Pottangi jimbo la Odisha, watafiti walitumia njia ya kugeuza urithi kupata aina ya manjano iitwayo Suroma na ya tangawizi iitwayo Suravi. Kwa mimea ya namna hii, ambayo ndoa ya mbegu kwa mbegu haiwezekani au ni ngumu, mgeuko ni moja ya njia chache za kupata kitu kipya.

Alama ya Muller karibu na kwetu

Kazi yake imefika mwambao wetu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mdudu. Mwaka 1950 Muller aliandika makala akieleza jinsi mionzi inavyoharibu urithi wa inzi hadi mayai yao hayaanguliwi. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Edward Knipling, akamwandikia kumuuliza kama inawezekana kutumia hilo kuwafanya tasa wadudu waharibifu. Muller akamjibu kwa kumtia moyo. Wazo likawa hili: fuga madume wengi, wafanye tasa kwa mionzi, kisha waachie wapandane na majike wa porini, ambao watataga bila kupata watoto.

Unguja ilikuwa ikisumbuliwa na mbung'o walioeneza nagana kwa ng'ombe. Madume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama, na kuanzia mwaka 1994 wakawa wanamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Kufikia mwaka 1997 mbung'o walikuwa wametokomezwa Unguja.

Njia ya pili ni ya mbegu. Mwaka 2011 Zanzibar ilitoa aina ya mpunga iitwayo SUPA BC, iliyopatikana kwa kuipiga mionzi mbegu ya Supa, ule mpunga wenye harufu nzuri tunaoupenda. Jirani zetu Kenya nao, mwaka 2014, walitoa ngano iliyogeuzwa kwa mionzi yenye ukinzani dhidi ya kutu kali iliyotambuliwa kwanza Uganda miaka ya mwisho ya 1990. Kazi hizo zilisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ambalo kwa kushirikiana na FAO limeorodhesha zaidi ya aina 3,000 za mimea ya namna hii duniani.

Maswali yenu, kwa ufupi

Je, mmea uliotokana na mbegu iliyopigwa mionzi una mionzi ndani yake? Hapana. Mionzi ya gama na eksirei hupita, kama mwanga wa tochi unavyopita kwenye gunia la matundu. Ukizima tochi, mwanga haubaki ndani ya gunia. Kinachobaki ni mgeuko. Tena mbegu inayomfikia mkulima ni kitukuu wa ile iliyopigwa, vizazi vingi baadaye.

Je, ni sawa na mbegu za GMO? Hapana. Katika GMO kinasaba kinachojulikana huwekwa au hurekebishwa maabara, mara nyingi kikitoka kwa kiumbe mwingine. Katika njia ya Muller hakuna kinachoingizwa. Urithi wa mmea wenyewe unatikiswa, kisha watu wanachagua.

Je, kila mmea dawa uliogeuzwa ni salama? Hapo hatuwezi kusema ndiyo kwa jumla, na hata Muller asingesema. Harufu ya mchaichai, ya kivumbasi na ya mrehani ni kemikali, na kemikali hizo ndizo dawa. Zikibadilika, dawa imebadilika. Kwa hiyo aina mpya yoyote ya mmea wa kunywa au kupaka lazima ipimwe kilichomo kabla haijafika jikoni. Ukiuziwa mche kwa sifa kwamba ni wa mionzi na una nguvu mara dufu, uliza nani ameupima. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wanaojulikana kwa korosho, ufuta na karanga, au afisa ugani wa kata yako, ndio wa kuanzia kuwauliza.

Je, kijana anaweza kujaribu mwenyewe, labda kwa kumwomba mtu wa mashine ya eksirei ampigie mbegu? Tunamsihi asijaribu. Mionzi inayogeuza mbegu hugeuza pia urithi wa mtu aliyesimama karibu. Nchini kwetu matumizi yake husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na sheria hiyo ipo kwa sababu ya yale yale aliyoyapigia kelele Muller.

Lililo mikononi mwa mkulima wa Rondo ni ile nusu ya pili ya kazi, yaani kuchagua. Ukiona tuta la tangawizi limenyauka lote isipokuwa shina moja, usiling'oe na mengine. Liwekee alama kwa kijiti, lipande peke yake mwaka ujao, na uendelee kulitazama. Migeuko ya asili inaendelea kutokea mashambani kwetu bila mashine yoyote, na inapotea kila siku kwa kukosa mtu wa kuiona. Murray alipata mnanaa wake kwa kutazama mimea michache iliyobaki imesimama. Jicho kama hilo halihitaji umeme wala maabara.

Kama una mmea dawa unaoutunza na umeona tofauti yoyote katika harufu, umbo au uvumilivu wake, tutumie ujumbe mfupi utuambie ni mmea gani na umeona nini, nasi tutaujadili hewani.